Gari la Familia Hupimwa kwa Mikanda, Si kwa Viti: Somo kwa Wazazi Wanaotarajia Mtoto na Wahudumu wa Afya

Mtoto anapokaribia kuzaliwa, familia nyingi za mjini huanza kuzungumza habari za gari. Aliyezoea daladala hufikiria kununua gari dogo lililotumika, na aliye na gari dogo hufikiria kulibadilisha kwa kubwa zaidi. Mazungumzo hayo aghalabu huelekea kwenye bei, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa vipuri na idadi ya viti. Yote hayo ni ya maana, kwa kuwa fedha ya familia ina kazi nyingi. Hata hivyo, kwa upande wa afya kuna swali linalotangulia mengine yote: kila atakayepanda gari hilo, kuanzia aliye mdogo kuliko wote, atakaa wapi na atafungwa kwa kifaa gani?

Somo hili linaeleza namna ya kulijibu swali hilo kabla fedha haijalipwa. Limeandikwa kwa ajili ya wazazi, na pia kwa wahudumu wa kliniki za wajawazito, wodi za wazazi na kliniki za watoto, ambao ndio wanaoiona familia katika miezi ambayo uamuzi huu hufanywa.

Kwa nini ni suala la afya

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Zaidi ya tisa ya kumi ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo hazina wingi wa magari unaolingana na vifo hivyo. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa mkanda wa usalama unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria kwa hadi asilimia 50, na kwamba kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa hadi asilimia 71.

Hiyo ni kinga kubwa, kama ilivyo ile ya chanjo na dawa. Tofauti ni kwamba kinga hii haitolewi kliniki. Hununuliwa dukani, hufungwa ndani ya gari, na hutegemea kama gari lenyewe lina mahali pa kuifunga.

Mapaja ya mama si kiti

Wazazi wengi huamini kuwa hakuna mahali salama pa mtoto kuliko mikononi mwa mama. Ndani ya nyumba imani hiyo ni kweli, lakini ndani ya gari linalokwenda kasi haina nguvu mbele ya kanuni za mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde. Likisimamishwa na mgongano ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 8 huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 113 hivi. Hakuna mama, hata awe na nguvu kiasi gani, awezaye kuushikilia uzito huo kwa mikono, tena bila kujua utakuja lini.

Kwa kulinganisha, kugonga kitu kisichosogea kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Ikiwa mama naye hakufunga mkanda, mwili wake humsukuma mtoto kwenye dashibodi au kwenye kiti cha mbele. Na ikiwa mkanda mmoja umewazungusha wote wawili, mtoto hubanwa kati ya mkanda na mwili wa mama. Kwa sababu hiyo mkanda wa mtu mzima kamwe usipitishwe juu ya mtoto aliyepakatwa.

Maumbile ya mtoto yanaongeza hatari. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua takriban robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima huchukua karibu sehemu moja ya nane. Pingili za shingo yake bado zina gegedu nyingi, na kano zinazozishikilia zimelegea. Mtoto akikaa akitazama mbele, gari linaposimama ghafla kiwiliwili hushikwa na mikanda lakini kichwa kizito huendelea mbele na kuivuta shingo. Akikaa akitazama nyuma, mgongo wa kiti hukipokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, na nguvu ya mgongano husambaa. Hii ndiyo sababu ya kumgeuza mtoto atazame nyuma, wala si ili tu mama apate kumwona usoni.

Kuanza na mtoto, kisha gari

Kadi ya kliniki ya mtoto hubeba takwimu zile zile zinazohitajika kuchagua kiti, yaani uzito na urefu. Katika mfumo wa zamani wa viwango vya Umoja wa Mataifa, viti vingi hupangwa kwa uzito. Kundi la kwanza ni la kuzaliwa hadi kilo 13, na hutazama nyuma. La pili ni la kilo 9 hadi 18. Yanayofuata ni ya kilo 15 hadi 25 na kilo 22 hadi 36, ambapo mtoto huinuliwa ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Kiwango kipya zaidi hupanga viti kwa urefu, na humtaka mtoto atazame nyuma hadi apitishe walau miezi 15. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri aendelee kutazama nyuma kwa muda wote ambao uzito na urefu wake havijavuka kikomo cha kiti chake.

Kiti kilichothibitishwa huwa na lebo yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na maelezo ya uzito au urefu unaoruhusiwa. Kiti kisicho na lebo yoyote kisinunuliwe, hata kama kinapendeza na kina sponji nene. Kiti kilichotumika kikubaliwe tu ikiwa historia yake inajulikana kwa hakika. Kiti kilichowahi kuwamo katika ajali huweza kuwa na nyufa zisizoonekana chini ya kitambaa.

Baada ya kujua kiti, mzazi anaweza kuuliza kuhusu gari. Kufanya kinyume, yaani kununua gari kwanza na kutafuta kiti baadaye, ndiko kunakozifanya familia nyingi kugundua kuwa kiti hakikai, au kikikaa, bibi hana pa kukaa.

Hesabu ya familia moja

Ichukuliwe familia ya kawaida: baba, mama, bibi anayekuja kusaidia malezi, mtoto wa miaka 7, mtoto wa miaka 3 na mtoto mchanga. Hao ni watu sita. Gari dogo la viti 5, kama vile Toyota IST, Toyota Vitz au Mazda Demio, lina mikanda mitano. Mtu mmoja atakosa mkanda, na mazoea yanaonyesha kuwa mtu huyo huwa mtoto: ama mchanga atapakatwa, ama wa miaka 3 atasimama katikati ya viti vya mbele.

Hata familia ya watu watano yaweza kushindwa kuenea. Kiti cha mtoto huwa na upana wa takriban sentimita 44. Viti viwili huchukua sentimita 88, na nafasi inayobaki kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo mara nyingi haimtoshi mtu mzima, wala haimruhusu kuifikia klipu ya mkanda wake. Gari linalosemwa kuwa la watu watano, mara mtoto anapokaa kama inavyopasa, huweza kuwa la watu wanne.

Magari ya safu tatu hutoa nafuu. Toyota Noah na Nissan Serena hutengenezwa kwa viti 7 au 8, na milango yake ya pembeni huteleza, jambo linalorahisisha kumwinua mtoto katika maegesho finyu. Toyota Wish na Toyota Sienta ni madogo zaidi na hunywa mafuta kidogo, lakini safu yao ya tatu ni finyu na yafaa zaidi watoto wakubwa au safari fupi. Kwa familia ya mfano huu, watu sita wanaweza kuenea katika gari la namna hiyo: baba na bibi mbele, mama kati ya mchanga na mtoto wa miaka 3 katika safu ya pili ikiwa upana unaruhusu, na mtoto wa miaka 7 nyuma akiwa ameinuliwa kwa kiti chake. Upana usiporuhusu, gari hilo nalo halifai, na ni heri kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kulipima gari kabla ya kulinunua

Mnunuzi aende akiwa na futi kamba na, ikiwezekana, kiti chenyewe cha mtoto. Mambo yafuatayo yaangaliwe kwa utaratibu.

Kwanza, kila kiti kina mkanda wa namna gani? Mkanda unaofaa ni wa pointi tatu, unaopita begani na nyongani. Katika baadhi ya magari ya zamani kiti cha katikati kina mkanda wa kiunoni tu. Mtoto anayetumia kiti cha kumwinua hapaswi kuwekwa hapo, kwa kuwa kiti hicho hutegemea mkanda wa begani.

Pili, je, gari lina vishikizo vya ISOFIX? Hivi ni vyuma viwili vilivyofichwa katika mfereji kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma, ambavyo kiti cha mtoto hubanwa navyo moja kwa moja. Japani ilivifanya kuwa vya lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 2012, ingawa baadhi ya magari ya kabla ya hapo pia yanavyo. Gari lisilo navyo bado linafaa, mradi kiti kinafungwa kwa mkanda na mkanda una urefu wa kutosha kukizunguka. Kikishafungwa, kiti kisisogee zaidi ya sentimita 2 au 3 kikitikiswa karibu na mahali mkanda unapopita.

Tatu, kiti kinachotazama nyuma hula nafasi ya aliyeketi mbele yake. Kikishafungwa, dereva au abiria wa mbele aketi na apimwe. Kati ya kifua cha dereva na usukani zibaki walau sentimita 25. Magoti ya abiria yasiguse dashibodi.

Nne, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele. Mfuko huu hufumka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukikigonga kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, huweza kumuua mtoto hata katika ajali ndogo ambayo watu wazima wangetoka salama. Kiti cha aina hiyo kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kwa watoto wote walio chini ya miaka 13, mahali panapofaa ni kiti cha nyuma.

Tano, kimo na milango. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na bibi mwenye maumivu ya magoti hupata shida kupanda gari lililoinuka sana, na shida vilevile kujiinua kutoka katika gari la chini mno. Wote watakaolitumia wajaribu kupanda na kushuka.

Safu ya tatu na mizigo

Kiti cha mwisho katika magari mengi madogo ya safu tatu kipo karibu sana na kioo cha nyuma. Gari likigongwa kwa nyuma, hakuna buti la kupokea pigo. Kwa hiyo mtoto mchanga awekwe safu ya pili. Kichanga awe pia mahali ambapo mtu mzima anaweza kumfikia akitapika au akibadilika rangi.

Safu ya tatu ikijaa watu, nafasi ya mizigo huwa ndogo, na familia hushawishika kuweka mabegi, kigari cha mtoto au hata mtungi wa gesi juu ya viti na miguuni. Kitu kisichofungwa huendelea na mwendo gari linaposimama, na mtungi wa kilo kadhaa huwa kombora. Gari lenye nafasi kwa familia ni lile linalobeba watu na mizigo yao ya kawaida bila mizigo kuwa juu ya watu.

Gari lililotumika

Sehemu kubwa ya magari ya familia Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Hata hivyo umri pekee hauelezi kila kitu. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka gari linapowashwa na kuzimika baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka mfumo una hitilafu, na isipowaka kabisa huenda imeondolewa ili kuficha kuwa mifuko ilikwisha kufumka. Kila mkanda uvutwe hadi mwisho, ukaguliwe kama umechanika, kisha uvutwe kwa ghafla: mkanda mzima hujifunga. Matairi nayo huwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Tahadhari ya pekee itolewe kwa gari la mizigo lililoongezewa viti gereji. Kiti kilichochomelewa kwenye sakafu isiyotengenezwa kubeba nguvu ya mgongano huweza kung'oka pamoja na aliyeketi. Kiti cha namna hiyo kisihesabiwe kuwa nafasi ya abiria, hata kama kina mkanda.

Siku ya kutoka hospitali

Safari ya kwanza ya mtoto aghalabu ni ile ya kutoka wodi ya wazazi. Mama mjamzito na aliyejifungua hufunga mkanda kama wengine: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu ipite kati ya matiti. Kidonda cha upasuaji si sababu ya kuacha mkanda.

Mtoto afungwe kwanza mikanda ya kiti chake, kisha afunikwe khanga au blanketi kwa juu. Akiviringishwa kwanza, mikanda hulegea na huweza kuchomoka. Mikanda ya mabega itoke usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikaze kiasi kwamba utepe hauwezi kubanwa kwa vidole na kufanya mkunjo. Kiti kiinuke kwa mwinamo ambao kidevu hakilali kifuani, kwa maana njia ya hewa ya kichanga huziba kwa urahisi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 aangaliwe akiwa ameketi kwenye kiti hicho kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa upumuaji na mapigo ya moyo vyake huweza kushuka katika mkao huo. Safari ikiisha, mtoto atolewe alazwe mahali tambarare. Asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika chache, kwa maana katika jua joto la ndani huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Mtoto mwenye plasta kubwa ya nyonga, mwenye kichwa kikubwa kwa maji au mwenye viatu maalumu vya kunyoosha nyayo huenda asienee katika kiti cha kawaida. Suala hilo lizungumzwe na familia kabla ya siku ya kutoka, wala si langoni.

Familia isiyo na gari

Wengi wanaohudhuria kliniki hawatanunua gari, na ushauri usiowagusa hao ni nusu ya ushauri. Kiti cha mtoto kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida kinaweza kuhamishwa kutoka teksi moja hadi nyingine, na jamaa kadhaa wanaweza kukichangia na kukipokezana watoto wanapokua, kwa kuwa historia yake inajulikana ndani ya ukoo. Kwa safari ya siku ya kutoka hospitali, teksi yenye mikanda ya nyuma inayofanya kazi ni bora kuliko bajaji au bodaboda, ambako hakuna mahali pa kukifunga kiti. Pasipo kiti kabisa, mama akae nyuma, ajifunge mkanda peke yake, mtoto afungwe mbelekoni kifuani pake akiwa nje ya mkanda, na dereva aombwe kwenda polepole. Hiyo si kinga. Ni kupunguza madhara tu, na mhudumu alieleze hilo bila kuficha.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mpango wa kujifungua unaojadiliwa kliniki huuliza mama atajifungulia wapi na nani atamsindikiza. Unaweza kuongezewa maswali matatu yasiyochukua dakika mbili: mtoto atarudi nyumbani kwa chombo gani, atakaa sehemu gani ya chombo hicho, na atafungwa kwa nini? Yakiulizwa katika wiki ya 28, familia ina muda wa kuweka akiba, kupima na kubadili uamuzi. Yakiulizwa siku ya kutoka, jibu huwa tayari limeegeshwa nje.

Kwa mzazi anayesimama mbele ya muuzaji wa magari, hesabu ni fupi. Ahesabu watu wa nyumbani kwake, kisha ahesabu mahali ambapo kila mmoja wao anaweza kufungwa kwa kifaa kinacholingana na mwili wake. Namba hizo mbili zikilingana, gari hilo linawatosha. Zisipolingana, ama gari si hilo, ama kuna mtu atakayesubiri safari ya pili. Na mtu huyo awe mtu mzima.